AC ya gari haipozi: kazi za kufanya mwenyewe na kazi za kumwachia fundi

Joto la Dar es Salaam likianza kupanda mwezi wa Novemba, maswali ninayoulizwa ni yaleyale mpaka masika yaanguke. AC inatoa upepo lakini hauna ubaridi, ninunue kopo la gesi nijaze mwenyewe? Fundi kaniambia gesi imeisha na mwaka jana tu nilijaza, inawezekana? Nimpe kazi fundi wa mtaani au niende gereji yenye mashine? Nimeyapanga majibu kwa hatua ili anayeanza ayafuate gari likiwa mbele yake. Mifano mingi ni ya magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, IST, Vitz, Passo, Premio, Noah, maana ndiyo wengi wetu tunayoendesha.

Kabla ya kushika spana, shika jambo hili. Gesi ya AC haichomwi ikaisha kama petroli. Ni ileile inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaisukuma, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaitoa joto, na evaporeta iliyo ndani ya dashibodi inapoza hewa inayokupulizia. Kiasi kidogo sana hupenya kwenye mipira na sili kadiri miaka inavyokwenda, lakini gari lililojazwa mwaka jana na leo halina kitu, hilo linavuja. Fundi anayekujazia bila kutafuta panapovuja anakuuzia gesi utakayoinunua tena.

Mgawanyo wa kazi unatoka hapo. Kazi isiyofungua mfumo wa gesi ni yako, na utashangaa ni nyingi kiasi gani. Kazi inayofungua mabomba, inayopima presha au kuongeza gesi, mwachie fundi mwenye pampu ya vakyumu na mzani. Sababu yangu ya kwanza ni usalama. R134a, gesi iliyomo kwenye sehemu kubwa ya magari yetu, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo tone lake likikurukia jichoni linagandisha hapohapo. Na kopo likiunganishwa upande wa presha kubwa huku injini inawaka, linaweza kukupasukia mkononi.

Vitu vya kuandaa

- Kipimajoto chembamba, hata kile cha jikoni cha kupimia chakula
- Tochi
- Bisibisi ya nyota na bisibisi ya bapa
- Filta mpya ya AC (ukienda dukani Kariakoo beba ile ya zamani au namba ya chasi, magari ya jina moja hutofautiana filta kwa mwaka na injini)
- Mpira wa maji wa bustanini na brashi laini
- Miwani ya kukinga macho na glavu
- Mtu mmoja wa kukusaidia kukanyaga mafuta
- Saa moja na nusu hivi, na mahali pa wazi penye kivuli. Usiwashe gari ndani ya chumba cha gereji kilichofungwa

Kopo la gesi halimo kwenye orodha, na usilinunue.

Hatua za nyumbani

1. Pima ubaridi kabla ya kugusa chochote. Egesha kivulini, gia kwenye P, handbreki juu. Washa injini, washa AC, weka ubaridi wa mwisho, blowa ya juu, na bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kile chenye mshale unaojikunja ndani ya picha ya gari. Funga vioo. Msaidizi ashike resi kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika kama saba. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati na uandike namba. Kwa joto la nje la nyuzi 32 na unyevu wa pwani, nyuzi 6 hadi 12 ni nzuri kabisa. Ukisoma 15 na kuendelea, kuna kazi ya kufanya. Bila namba hii hutajua kama ulichofanya kimesaidia, na hutakuwa na cha kumwonyesha fundi.

2. Kagua kitufe cha hewa ya nje. Madereva wengi wanaendesha mchana kutwa hewa ikiingia kutoka nje, na AC inahangaika kupoza joto la barabarani lisiloisha. Gari likiwa limekaa juani, fungua vioo vyote, endesha dakika mbili tatu hewa ya moto itoke, ndipo ufunge na kuzungusha hewa ya ndani. Wapo watakaoishia hatua hii.

3. Badilisha filta. Zima gari. Kwenye Toyota nyingi filta iko nyuma ya kiboksi cha dashibodi upande wa abiria. Kitoe vitu vyote, chomoa kile kijikono cha pembeni kinachokizuia kisianguke, kisha bana kuta zake mbili kuelekea ndani kishuke. Utaona kifuniko kirefu cha plastiki. Bonyeza vibanio vyake na uvute filta. Ikiwa nyeusi, imejaa majani, au ina kiota cha panya, umeshapata sababu mojawapo ya upepo hafifu. Angalia mshale kwenye filta mpya kabla ya kuirudisha: ukielekezwa kinyume, filta haikai sawasawa na vumbi linapita pembeni. Baadhi ya magari yamekuja kutoka Japani bila filta, nafasi ikiwa tupu; weka, la sivyo vumbi lote linakwenda kulala kwenye evaporeta, na kuisafisha evaporeta iliyojaa vumbi mara nyingi kunataka dashibodi ifunguliwe. Kwa anayeishi kwenye barabara ya vumbi, kuipuliza filta hiyo kwa upepo hakutoshi. Ibadilishe angalau mara moja kwa mwaka.

4. Tazama maji chini ya gari. AC inayofanya kazi pwani hudondosha maji mengi chini, usawa wa miguu ya abiria wa mbele. Hayo si tatizo. Tatizo ni kapeti la ndani kuloa huku chini pakavu: bomba la kutolea maji limeziba. Litafute chini ya gari, ukutani mwa injini, na ulizibue kwa waya laini wa plastiki. Usisukume waya mgumu wa chuma, utafika kwenye mapezi ya evaporeta na kuyatoboa.

5. Osha kondensa. Ngoja injini ipoe kabisa. Kondensa ni ile inayofanana na rejeta, iko mbele yake, ukichungulia kwenye grili unaiona. Toa mifuko ya plastiki na majani kwa mkono, kisha mwagia maji ya mpira wa bustani kwa presha ya kawaida, ukisogea taratibu juu kwenda chini. Ukiweza kupitisha maji kutoka nyuma kuja mbele ni bora zaidi, maana uchafu unatoka ulikoingilia. Matope yaliyogandia yasugue kwa brashi laini kufuata mistari ya mapezi, kamwe si kuikata. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze karibu: mapezi ni bati jembamba sana, yakilala hewa haipiti tena. Hii ndiyo hatua inayorudisha ubaridi kwa gari nyingi zinazotoka safari za vumbi, na hakuna anayekutoza kitu.

6. Angalia feni. Washa gari na AC. Kwenye magari mengi yenye feni za umeme, feni inapaswa kuanza kuzunguka muda mfupi tu baada ya AC kuwashwa. Isipozunguka, kagua fyuzi yake kwanza. Usiweke mkono wala kipande cha nguo karibu, maana feni hujiwasha yenyewe bila kukuambia. Anayefanya kazi hii kavaa kanzu, kanga au mtandio aufunge vizuri au abadilishe nguo kabisa.

7. Sikiliza kompresa. Msaidizi awashe na kuzima AC huku ukiwa mbele ya gari. Kompresa yenye klachi hutoa mlio mfupi wa "tak", na bamba la mbele ya puli linaanza kuzunguka pamoja nayo. Kusipotokea kitu, fungua kisanduku cha fyuzi, soma kifuniko, na ukague fyuzi ya AC. Rilei yake unaweza kuijaribu kwa kuibadilisha na nyingine ya namba ileile iliyo kwenye kisanduku hichohicho. Klachi ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi ni pungufu. Jua pia kwamba kwenye mfumo usio na gesi kabisa kompresa haitawaka, kwa sababu swichi ya presha inaizuia ili isijiue. Usiiunganishe umeme moja kwa moja. Kuna kompresa za kisasa zisizo na klachi ya namna hiyo, kwa hizo ukimya peke yake hauthibitishi kitu.

8. Gusa mabomba mawili. AC ikiwa imefanya kazi dakika tano, tafuta mabomba mawili ya aluminiamu yanayoingia kwenye ukuta wa kabini. Lile nene linapaswa kuwa baridi, pengine na majasho juu yake. Lile jembamba vuguvugu. Nene likiwa halina ubaridi wakati kompresa inazunguka, gesi ni chache au kompresa imechoka. Bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda kondensa usiliguse, linaunguza.

9. Tafuta dalili za mafuta. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo panapovuja gesi huacha doa la mafuta lililonata vumbi. Mulika tochi kwenye viungio vyote, pembe za kondensa, mbele ya kompresa, na kwenye nozeli mbili za kujazia zilizoandikwa H (upande wa presha kubwa) na L (upande wa presha ndogo). Vifuniko vya nozeli hizo ni sili, si mapambo, na magari mengi hayanavyo. Piga picha ya kila doa.

10. Pima tena kama hatua ya kwanza. Namba ikishuka ikaingia kwenye 6 hadi 12, kazi imekwisha. Isiposhuka, sasa unakwenda kwa fundi ukijua kinachoendelea.

Hatua za kumsimamia fundi

Gereji nzuri ya AC si lazima iwe na sakafu ya vigae. Inatambulika kwa vitu vinne: seti ya geji mbili, pampu ya vakyumu, mzani wa gesi, na naitrojeni ya kupimia mivujo. Fundi wa mtaani mwenye hivyo vinne na subira ya kuvitumia namwamini kuliko gereji kubwa inayomaliza gari kwa dakika kumi na tano. Simama pale.

11. Someni kibandiko pamoja. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Magari mengi madogo hayafiki gramu 600, kwa hiyo gramu 100 za ziada ni kosa kubwa. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R12. Magari mapya ya Ulaya yanatumia R1234yf. Gesi hizi hazichanganywi wala hazibadilishwi kiholela.

12. Gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za jamii hii, kwa kuwa kilo moja ya R134a hupasha dunia joto kwa zaidi ya mara elfu moja ya kilo ya kabonidayoksaidi. Pia ni nzito kuliko hewa: ikiachiwa kwenye shimo la gereji, fundi aliye chini anakosa pumzi. Na asivute sigara karibu, moto huigeuza kuwa gesi yenye sumu.

13. Mvujo utafutwe na uzibwe. Mfumo ujazwe naitrojeni kavu, kisha povu la sabuni lipakwe kwenye viungio, au itumike rangi inayong'aa kwa taa maalumu. Oksijeni ya kuchomelea ni marufuku kabisa: ikikutana na mafuta inalipuka. Upepo wa kujazia matairi nao usitumike, unaingiza unyevu, na hewa iliyochanganyika na R134a chini ya presha inaweza kuwaka. Kila kiungio kilichofunguliwa kipate oringi (pete ya mpira ya kuzibia) mpya iliyopakwa mafuta ya kompresa. Mfumo ukiwa umekaa wazi muda mrefu, draya, yaani kichujio kinachonyonya unyevu, ibadilishwe.

14. Vakyumu isipungue dakika 30. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Unyevu uliobaki ndani huungana na gesi na mafuta, hutengeneza asidi na kuila kompresa taratibu. Pampu inashusha presha mpaka maji yanachemka kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke, na hilo linataka muda, hasa kwenye hewa yetu ya pwani. Baada ya hapo valvu zifungwe, pampu izimwe, msubiri dakika 15 mkitazama geji. Mshale ukipanda, bado kunavuja, na gesi isiwekwe.

15. Gesi ipimwe kwa mzani. Geji peke yake hazisemi kiasi. Kwenye nyuzi 30 gari likiwa limezimwa, R134a husoma karibu psi (kipimo cha presha) 95 hadi 100 pande zote mbili, iwe gesi ni nusu au imejaa. Injini ikiwaka, upande wa chini wa psi 30 hadi 50 na wa juu wa 200 hadi 260 ni dalili njema kwa joto letu, lakini gramu ndizo zinazoamua.

16. Pima kwa kipimajoto chako kabla ya kulipa. Omba pia bei ya kutafuta mvujo itajwe peke yake, mbali na bei ya gesi. Fundi akipata malipo ya kutafuta, atatafuta.

Makosa yanayoua kompresa, au mtu

Kujaza gesi kupita kiasi kwa imani kwamba gesi nyingi ni ubaridi mwingi. Kinyume chake ndicho kinachotokea: presha inapanda, ubaridi unapungua, kompresa inalemewa.

Kupindua kopo juu chini wakati wa kujaza upande wa L, gesi ikaingia ikiwa kimiminika. Kompresa imeundwa kusukuma mvuke.

Kuweka R22 ya viyoyozi vya nyumbani au gesi ya kupikia. R22 ina presha kubwa zaidi kuliko mfumo ulivyopangiwa. Ya kupikia inapoza kweli, na ndiyo maana inashawishi, lakini evaporeta ikitoboka inavujia kwenye kabini mlimokaa watoto, na cheche moja inatosha. Gesi bandia nayo ipo: mwaka 2011 makontena ya friji yaliyokuwa yametiwa gesi iliyochakachuliwa yalilipuka na kuua watu, wakiwemo wa Vietnam, kwa sababu kemikali iliyochanganywa ilimenyana na aluminiamu ya kompresa. Nunua mtungi wenye lebo kamili kwenye duka litakalokupa risiti.

Kumimina dawa ya kuziba mivujo. Inaziba pia ekspansheni valvu, kile kijitundu kinachopitisha gesi kuingia kwenye evaporeta, na gereji yenye mashine ikiigundua inaweza kukataa gari lako.

Gesi ikiingia jichoni usilisugue. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali hata kama maumivu yametulia.

Dalili na pa kuanzia

*Inapoza barabarani, kwenye foleni inaacha.* Feni haizunguki au kondensa ni chafu. Rudi hatua ya 5 na 6.

*Inapoza nusu saa, kisha upepo unafifia. Ukizima dakika kumi unarudi.* Evaporeta inaganda barafu. Anza na filta. Ikiwa safi, fundi apime gesi na sensa ya evaporeta.

*Upepo unatoka kwenye spidi ya juu peke yake.* Resista ya blowa imeungua. Haihusiani na gesi, usikubali kujaziwa.

*Harufu ya ukungu.* Unyevu umelala kwenye evaporeta. Zima AC dakika mbili tatu kabla ya kufika uendako ukiacha blowa ikipuliza, pakauke. Povu la kusafishia linaweza kupitishwa kwenye nafasi ya filta, mradi lisifike kwenye mota na nyaya.

*AC ikiwashwa injini inapanda joto.* Zima AC sasa hivi. Tatizo liko kwenye rejeta, feni au maji, na hilo litengenezwe kwanza.

*Mlio wa kusaga kutoka kwenye kompresa.* Zima na usiwashe tena. Vipande vya chuma vikishasambaa, kubadilisha kompresa peke yake hakutoshi: mabomba yaoshwe, draya na mara nyingi kondensa vibadilishwe, vinginevyo kompresa mpya itakufa kwa uchafu wa ile ya zamani.

*Gari ni haibridi, Aqua au Prius.* Fanya hatua ya 1 hadi 5 pekee, gari likiwa limezimwa pale unapogusa kitu. Kompresa yake inaendeshwa na umeme mkubwa unaopita kwenye nyaya za rangi ya chungwa, na hizo haziguswi na asiyefundishwa. Mafuta yake ni ND-OIL 11, tofauti na ya kompresa za mkanda. Hata mabaki madogo ya mafuta mengine kwenye mpira wa geji huharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa. Kabla hujakabidhi ufunguo, muulize fundi anatumia mafuta gani kwa haibridi na kama ana mipira ya geji iliyotengwa kwa ajili yake. Akikuambia mafuta yote ni sawa, ondoka na gari lako.